Maji Hayasubiri Mahakama

Ukiwa Ohio, Marekani, na Mswahili mwenzako akakwambia amepata nyumba ya benki, yaani iliyochukuliwa kwa mwenyewe aliyeshindwa kulipa mkopo, kwa bei ya kutupa, usiharakishe kumpa hongera. Muulize kwanza nyumba imekaa tupu kwa majira mangapi ya baridi, na nani alifunga maji. Akianza kukueleza habari za jiko jipya na zulia lililobadilishwa, jua huyo bado hajashuka basementi, kile chumba cha chini ya nyumba.

Nauliza hivyo kwa sababu kwa miaka kadhaa baada ya mtikisiko wa mikopo ya nyumba wa 2008 ugali wangu ulitoka kwenye nyumba hizo. Tulikuwa kikosi kidogo na gari moja bovu, tunazunguka Cleveland na miji ya pembeni kubadilisha vitasa, kukata majani, kubeba makochi na midoli ya watoto waliokwisha kuhama. Mpaka leo watu wa jumuiya yetu hunipigia simu niende kuwanusia nyumba kabla hawajatia saini. Nacheka, lakini naenda, maana pua inatosha kwa mengi. Uvundo wa kuvu kwenye nyumba iliyofungwa unakupokea mlangoni: mzito, una udongo ndani yake na karatasi iliyolowa, na ukishaujua huupotezi tena.

Wengi huizungumzia kuvu kana kwamba imevamia kutoka nje. Mbegu zake ziko kila mahali, hata kwenye sebule ulimokaa sasa hivi. Inachongoja ni maji na chakula, na nyumba ya Kimarekani imejengwa kwa chakula chake: fremu za mbao, mbao za kubandikwa kwa gundi, na kuta za jipsamu iliyovalishwa karatasi pande zote mbili. Sisi tuliokulia kwenye tofali na plasta, Tanga au Dar, tukiona doa la maji ukutani tunalisubiri likauke, tunapiga rangi, maisha yanaendelea. Huku ukisubiri umeshaupoteza ukuta. EPA, idara ya serikali inayosimamia mazingira, inashauri kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Saa, jamani. Sasa ziweke saa hizo kando ya kalenda ya mahakama.

Ohio benki haiwezi kumnyang'anya mtu nyumba bila kufungua kesi. Kesi inasikilizwa, hukumu inatoka, nyumba inathaminiwa, sherifu anainadi, kisha mahakama inathibitisha mauzo ndipo hati ibadilike jina. Hata mambo yakienda sawasawa, miezi inakatika. Na miaka ile hayakwenda sawasawa. Kaunti ya Cuyahoga, ambamo Cleveland imo, ilikuwa ikipokea kesi zaidi ya 13,000 kwa mwaka. Slavic Village, mtaa wa kusini-mashariki uliojengwa na Wacheki na Wapolandi waliokuja kufanya kazi viwandani, ukawa maarufu nchi nzima kwa jambo ambalo hakuna mtaa unaotaka umaarufu wake. Ulikuwa unapita barabara yenye nyumba za mbao zilizobanana, moja ina mapazia, inayofuata ina ubao dirishani, inayofuata ubao, ubao, kisha mapazia tena.

Na benki yenyewe ilikuwa ipi? Oktoba 2007 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Cleveland, Christopher Boyko, alizitupa nje kesi 14 za Deutsche Bank kwa mpigo mmoja, kwa sababu benki haikuonyesha kwamba siku ilipofungua kesi mikopo ile ilikuwa mali yake. Mikopo ilishauzwa, ikafungwa mafurushi, ikauzwa tena kwa wawekezaji, na karatasi zikaachwa nyuma njiani. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu yote. Bomba linapasuka usiku wa Januari kwenye nyumba ambayo hata jaji hajaambiwa vizuri ni ya nani. Unadhani nani atakwenda kufunga koki?

Aliyekuwa na uwezo wa kuifunga alikwisha ondoka. Familia nyingi zilihama mapema kuliko sheria ilivyowataka. Barua ya kesi ikifika waliisoma kama amri ya kutoka, wengine kwa aibu, wengine kwa kutokujua, na baadhi ya majirani zetu kwa sababu Kiingereza cha mahakama kiliwashinda. Kumbe nyumba ilikuwa bado yao kabisa, na wangeweza kulala humo mpaka mwisho wa kesi. Wakihama, bili ya gesi hailipwi, gesi inakatwa, mtambo wa kupasha joto unazimika. Umeme nao unakatwa. Maji mara nyingi yanabaki yamefunguliwa, kwa sababu hakuna aliyepiga simu kuomba yafungwe.

Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, hilo tulifundishwa shuleni. Ambalo sikufundishwa ni kwamba bomba mara nyingi halipasukii pale penye barafu. Barafu inaziba njia, maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa yanaongezeka mgandamizo, na bomba linaachia mahali palipo dhaifu, pengine mita kadhaa mbele. Halafu hakuna kinachovuja. Barafu imejiziba yenyewe. Nyumba inakaa hivyo wiki nzima, kavu, hadi jua litoke.

Kuna moja naikumbuka kuliko zingine. Ghorofa mbili, ya mbao, baraza mbele. Tulitumwa kubadilisha kitasa tu. Ilikuwa Machi na theluji inayeyuka kwenye mapaa. Mwenzetu mmoja, Mkongo wa Bukavu ambaye sote tulimwita Mzee, alisimama barazani akatunyamazisha kwa mkono.

"Bandugu, munasikia? Maji iko natembea mule ndani."

Tulipofungua, dari ya sebule ilikuwa imeshuka yote na kulala juu ya kochi. Sufi ya kuzuia baridi ilining'inia kwenye mbao, inachuruzika. Kule juu, nyuma ya ukuta wa bafu, bomba la shaba lilikuwa limechanika kwa urefu, mpasuko ambao ungepitisha ukucha tu. Makampuni ya bima hupenda kurudia hesabu kwamba ufa wa milimita tatu unaweza kumwaga karibu lita 950 kwa siku, na baada ya siku ile siibishii. Jikoni, kwenye mlango wa friji, palibaki kalenda ya shule iliyofunguliwa Oktoba, kwa hiyo tulijua walihama lini. Basementi maji yalifika ngazi ya tatu kutoka chini. Nyumba nyingi za huku zina kishimo kwenye sakafu ya basementi chenye pampu ya kutoa maji ya ardhini. Pampu hiyo inatumia umeme, na umeme haukuwepo. Tangi la kuchemshia maji lilikuwa limeinama upande.

Nitakwambia nilichotazama zaidi, maana ndicho ninachokitafuta hadi leo. Ukuta wa jipsamu ukisimama ndani ya maji ya kifundo cha mguu, unyevu hauishii kifundoni. Unapanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa kwenye utambi. Mstari wa maji ulikuwa chini, lakini juu yake, kufikia karibu na kiuno changu, karatasi ya ukuta ilikuwa imevimba, na kuvu imeota humo: miduara ya kijivu, miduara ya kijani kama ya mkate ulioharibika, na katikati madoa meusi yenye kung'aa kidogo kama yamelowa. Chini ya mstari wenyewe hapakuwa na kitu. Kuvu haipendi kuzama. Inataka unyevu na hewa pamoja, ndiyo maana chumba kilichofurika kikakauka nusu kina hali mbaya kuliko kilichobaki kimejaa maji.

Bosi alipopigiwa simu alisema, mmetumwa kitasa, badilisheni kitasa, pigeni picha, ondokeni. Mzee hakujibu. Alichukua spana, akashuka kwenye maji yale na buti zake, akaipapasa koki kuu mpaka akaipata, akaifunga. Hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo, kwa kuwa haikuwa kwenye karatasi.

Karatasi hiyo nieleze kidogo, maana wengi wanadhani benki ina watu wake wanaotunza nyumba. Benki au kampuni inayokusanya marejesho ya mkopo inaipa kazi kampuni kubwa ya kitaifa, kampuni hiyo inaigawa kwa mkandarasi wa mkoa, mkandarasi anaigawa kwa mtu mwenye gari, na mwenye gari anatuita sisi. Kila mkono unakata chake. Kinachofika chini ni bei ya kitasa kimoja, bei ya kukata majani mara moja, bei ya taka kwa ujazo. Malipo yanakwenda kwa picha: kabla, wakati wa kazi, baada. Ukiona uharibifu unaupiga picha, unapeleka makadirio, unasubiri kibali kipande ngazi zote hizo na kushuka tena. Kwa nyumba ile makadirio ya kutoa maji na kuvunja jipsamu iliyolowa yalipelekwa wiki ileile. Jibu lilikuja majira ya joto yameshaingia. Tulipofungua mlango kuvu ilikuwa imepanda ghorofa ya pili, iko hata nyuma ya kabati la nguo, na kazi iliyoidhinishwa ilikuwa ya basementi peke yake.

Dawa ya yote hayo ni rahisi hadi inaudhi. Unafunga maji kwenye mita, unafungua koki zote, unamwaga maji ya tangi, unasukuma yaliyobaki kwenye mabomba kwa kompresa ya hewa, kisha unatia dawa ya pinki isiyoganda kwenye vyoo na kwenye mikunjo ya mabomba chini ya masinki. Mafundi wawili wenye dhamira wanamaliza asubuhi moja. Unabandika stika mlangoni na kwenye choo kuonya mtu asitumie. Lakini kazi inayolipwa kwa picha hufanywa kwa ajili ya picha. Nimeingia nyumba yenye stika safi, tarehe na saini, na ndani ya choo kuna barafu imepasua bakuli.

Halafu wako wazee wa vyuma chakavu. Shaba ilikuwa na bei, nyumba tupu zilikuwa nyingi, na mtu mwenye msumeno anahitaji robo saa kuondoka na mabomba yote ya basementi. Wengine walifunga maji kwanza, nadhani kwa ajili ya kutolowa wenyewe. Wengine hawakufunga.

Florida, nasikia wenzetu wa huko wakisema, sisi hatuna barafu. Ni kweli, wana kingine. Nyumba za kule zinategemea kiyoyozi kutoa unyevu hewani, na umeme ukikatwa Julai nyumba iliyozibwa madirisha inaota kuvu dari hadi sakafu bila bomba lolote kupasuka. Kesi za huko nazo zilichukua miaka.

Turudi Cleveland, kwa sababu mji huu una historia yake na kuvu hata kabla ya mambo ya benki. Kati ya 1993 na 1994 watoto wachanga kadhaa hapa walilazwa wakitoka damu mapafuni, na uchunguzi wa mwanzo ukaelekeza kidole kwenye nyumba zilizoingiwa na maji na kwenye kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys. Habari ikazagaa dunia nzima. Machi 2000 CDC, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, kilipitia upya kazi ile na kusema uhusiano huo haukuthibitishwa. Marekebisho hayo hayakusambaa kama habari ya kwanza, na biashara ya kutisha watu kwa kuvu nyeusi imestawi tangu hapo. Mtu anakuja na kijisanduku cha kupima hewa, anakutoza mamia ya dola kukwambia kwamba kuna kuvu, jambo ambalo pua yako ilishakwambia bure.

Lakini wasikudanganye upande wa pili pia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2009, na humo uhusiano kati ya unyevu wa ndani na pumu, kikohozi na kupumua kwa kubanwa umeelezwa wazi. Huhitaji kujua jina la kuvu wala rangi yake. Mwanao ana pumu, nyumba inanuka, basi. Kikosini kwetu tulivaa barakoa za N95 tulipopewa, na tulipokosa tulifunga vitambaa, ambavyo havizuii chochote. Kifua kilikuwa kikikaza jioni.

Na ile jiki. Kila Mwafrika Mashariki ninayemjua, nikiwemo mimi, ana imani na jiki. Kwenye kigae cha bafu sawa. Kwenye jipsamu inang'arisha uso, doa linapotea, maji yaliyomo ndani ya jiki yanaingia ukutani, na mizizi iliyo ndani ya karatasi inaendelea na maisha yake. EPA yenyewe haishauri kuitumia kama desturi. Jipsamu iliyolowa ikaota inakatwa na kutupwa, pamoja na sufi iliyo nyuma yake, kisha mbao zinakaushwa kwa feni na mashine ya kufyonza unyevu mpaka kipimo kiseme zimekauka. Tulichoagizwa sisi mara nyingi ilikuwa kupulizia dawa na kupiga rangi nyeupe nzito ya kuficha madoa. Nyumba inapigwa picha ya kuuzia wiki hiyohiyo. Ukiingia nyumba ya benki ukakuta basementi nyeupe pee wakati kwingine kote rangi ni ya miaka ya themanini, simama hapo uulize.

Mji haukukaa kimya. Januari 2008 Cleveland ilizishtaki benki na makampuni 21 ikisema yameuletea mji uharibifu wa umma. Kesi ikatupwa mwaka uliofuata. Jaji Raymond Pianka wa mahakama ya nyumba alienda kwa njia nyingine. Aliziita benki kizimbani kwa mapaa yanayovuja na madirisha yaliyovunjika, kama anavyoitwa mwenye nyumba yeyote, na zisipotuma mtu aliziendeshea kesi hivyohivyo na kuzipiga faini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Ohio ikasema kampuni haiwezi kuhukumiwa bila kuwepo mahakamani. Nikisoma uamuzi ule najua una mantiki yake ya kisheria, lakini nikikumbuka bibi mmoja aliyeishi kati ya nyumba mbili tupu, ambaye kila tukifika alitoka kutuuliza kama sisi ndio benki, napata taabu kuufurahia.

Mbaya zaidi zilikuwa zile ambazo benki ilifungua kesi, familia ikahama, halafu benki ikapiga hesabu ikaona nyumba haina faida, ikaacha kesi ikining'inia. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ilizichunguza mwaka 2010. Kitaifa zilikuwa chache, chini ya asilimia moja ya nyumba tupu, ila zilirundikana kwenye miji michache, na Cleveland, Detroit na Chicago zimo. Mtu anahamia mji mwingine, Columbus, anaanza upya, miaka miwili baadaye anapata barua ya faini ya majani marefu kwenye nyumba aliyodhani si yake tena. Maji yameingia, kuvu imekula kuta, na jina kwenye hati ni lake.

Nyingi hazikupona. Mwaka 2009 kaunti iliunda benki ya ardhi, chombo cha umma cha kuzichukua nyumba hizo, na Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, ikakubali kuzitoa zile za thamani ndogo kabisa kwa dola 1 pamoja na mchango wa kubomoa. Dola moja. Nyumba iliyolea familia tatu, inayoangushwa kwa kijiko cha mashine kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kazi ya asubuhi moja haikufanyika Novemba.

Sasa kwa wewe unayetaka kununua, maana najua ndiyo sababu wengi mnanipigia. Nyumba za HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, na za mnada zinauzwa kama zilivyo. Hakuna wa kumlalamikia. Omba ruhusa ya kuwashiwa maji wakati wa ukaguzi, na wakikataa kwa kuwa mabomba yalishindwa kipimo cha mgandamizo, hilo nalo ni jibu, weka gharama ya mabomba yote kwenye hesabu yako. Shuka basementi na tochi, inama, tazama kutu kwenye miguu ya mtambo wa joto na wa tangi la maji, kwa kuwa kutu inaonyesha maji yalifika wapi na hakuna anayekumbuka kuipaka rangi. Ng'oa kifuniko cha soketi moja ya umeme kwenye ukuta wa nje uchungulie nyuma ya jipsamu. Kama una moyo wa kuitengeneza, upo mkopo unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali ya mikopo ya nyumba, uitwao 203(k) unaoingiza gharama za matengenezo kwenye mkopo wa nyumba. Ni wa karatasi nyingi lakini umewafaa watu ninaowajua. Na ukishanunua, usiiache tupu ukisubiri likizo. Mikataba mingi ya bima ya nyumba inapunguza au kufuta baadhi ya fidia nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo kwelikweli.

Siku ya kufungua maji mara ya kwanza nendeni wawili. Mmoja asimame kwenye mita, mkono kwenye koki, afungue robo tu. Mwingine apande juu, azime redio, atembee chumba kwa chumba akisikiliza kuta. Simu ziwe mkononi.